Ile jipi mufupi waliyoiita Nusu

Siku ile inanirudilia mara mingi, mutoto yangu, zaidi sana wakati vumbi nyekundu ya Bunia inaamuka mbele ya nyumba na ninasikia gari inaingiza vitesi, gia zake, kwa shida hapa Rwambuzi. Nilikuwa kijana mwenye suruali moja ya kutokea, nimesimama kwenye parkingi, nikiuza kitu yenye kila mutu alikuwa anacheka.

Nitakuambia yote, lakini uniache niende polepole. Masomo yangu iliishia darasa ya ine, kwa hiyo usitafute mustari wa kunyooka. Juzi ulikuja na simu yako, ukanionyesha picha za magari ya kabine mbili, ukaniuliza mimi babu yako: "Koko, hii yangu ya kabine moja watu wanaipita tu. Wale wenye kupenda magari kweli, wanaweza kulipa zaidi juu ya kitu yenye wengine hawataki? Ao niikate tu, niongeze kabine ya pili?" Niliendelea kunywa chai yangu. Ulizania masikio yamekufa. Masikio iko muzima, ni magoti tu ndiyo imechoka.

Baba mudogo wangu, Muzee Anselme, ndiye alinilea kisha baba yangu kufa. Alikuwa shofere maisha yake yote, mutu wa kofia ya ngozi, hata kwenye misa aliivua kwa shida. Bwana mumoja, tajiri wake wa miaka mingi, alimwachia jipi yake wakati alirudi kwao. Ilikuwa jipi ya shasi fupi, milango mbili tu, madirisha ya kuzungusha na mukono, nyuma viti mbili vya ubavuni vya kuangaliana. Rangi yake ilikuwa ya majani makavu. Muzee aliiosha kila Posho, siku ya Jumamosi, asubui, na hakuna mutu aliruhusiwa kufunga mulango wake kwa nguvu. Mimi nilifunga kwa nguvu mara moja. Mara moja tu.

Sasa uelewe wakati ule watu walitaka nini. Walitaka jipi ndefu, ya milango mine, ya kubeba abiria mupaka juu ya paa, na mbuzi, na magunia. Mwenye jipi ndefu alikuwa mutu. Ile ya kwetu, watu wa parkingi waliipa jina Nusu. Ukipita nayo, watoto wanapiga kelele: "Nusu! Nusu!" Ninaweza kusema leo kama haikuniuma, lakini nitakuwa nadanganya.

Na kwa nini tuliiuza? Juu ya koko wako mwanamuke, Feza, muke wangu. Aliishi Marabo, na baba yake alikuwa amesema wazi ngombe za mahari anazotaka. Aliongeza kama asipoona ngombe mbele ya mavuno ya maharagi kuisha, kuna mutu mwingine amekwisha kupiga hodi. Mutu ule alikuwa muchuuzi wa samaki, na baiskeli mupya. Siku hizi Feza anasema hakukuwa na muchuuzi yeyote, ni baba yake alitaka kunitisha. Mimi baiskeli niliiona na macho yangu. Tuache hiyo.

Muzee Anselme hakuwa na ngombe hata moja. Kisha siku kazaa akasema: "Jipi itatoka, ngombe zitaingia." Akanipa funguo niende kuiuza, akataja bei: ile ya jipi ndefu, na juu yake bei ya ngombe moja. Nilizania jua imemupiga.

Pale parkingi kulikuwa dalali anaitwa Bosco, kijana wa maneno mingi, bila yeye hakuna gari iliuzwa. Aliponiona alizunguka jipi, akaangalia nyuma yake, akaangalia chini.

"Yaya, kaka yangu," akasema, "nusu moja ninaiona. Ile ingine mulikula?"

Watu wote wakacheka. Na mimi nikacheka nao, ndiyo ilikuwa aibu yangu. Kila mutu aliyekaribia, nilimukimbilia na maneno ya kuinama: "Bwana, ninajua iko mufupi. Ninajua haina milango mine. Lakini inatembea, bwana, unaweza kuivumilia." Bei ya Muzee sikuitaja hata mara moja. Nilingoja waniambie yao, na yao ilikuwa bei ya chuma ya kuyeyusha.

Sikujua kama Muzee amefika, amesimama nyuma ya kamio ya kubeba mizigo, kofia kichwani, anasikiliza. Alinivuta kwa shati.

"Hapa ni parkingi ao ni kitubio?" akaniuliza.

"Ni parkingi, baba."

"Basi kwa nini uko naungamia watu zambi za jipi yangu? Imekukosea nini?"

Nilimwambia watu hawaitaki. Akatoa kofia, kitu alifanya tu kwa Mungu, akapangusa kichwa. Akaniambia hivi, na maneno haya ndiyo ninakupa leo: "Sikiliza. Kuna kitu watu wanakimbia juu iko mubaya. Gari ya shemeji yangu, yenye mulango inafungwa na kamba, kila mutu aliikataa na walikuwa na haki. Na kuna kitu watu wanaacha juu haiko ya kazi yao. Hawa wanataka kubeba watu na mbuzi. Hii haikutengenezwa juu ya mbuzi. Ilitengenezwa kupita fasi yenye jipi ndefu inakwama, na kugeuka fasi yenye ndefu inarudi nyuma kama mutu mulevi. Mwenye kuipenda iko. Si wengi. Pengine ni mumoja. Lakini ule mumoja hana fasi ingine ya kuipata, unasikia? Jipi ndefu atazipata kila kona. Hii, ni kwako tu."

Nikasikia, lakini nilikuwa nahesabu siku. Maharagi ya Marabo ilikuwa imeanza kukauka.

Kisha Bosco akaleta shauri. Alikuwa na fundi wa kuunga vyuma, hodari sana. Wakati ule ilikuwa mutindo: jipi fupi inakatwa katikati, wanaingiza chuma, wanaongeza milango mbili, na mbele ya siku ya soko inauzwa kama ndefu. Barabarani ulizitambua kwa urahisi, zilitembea ubavu kama kaa, mbele inaenda Mahagi na nyuma inaenda Niania. Lakini ziliuzwa! Nilimupelekea Muzee habari mbio mbio. Alisema "hapana" na akarudilia kula muhogo wake.

Nilikasirika, mutoto yangu. Nilienda Marabo kwa miguu na kwa kudandia, nikamukuta Feza anapiga maharagi na fimbo kwenye kiwanja. Nikalalamika juu ya Muzee, toka kofia mupaka viatu. Nikasema: angetuacha tuikate tu, iwe ndefu, watu waipende, tuoane.

Aliacha kupiga. Unamujua koko wako, hata akisimama juu ya jiwe hafiki kwenye bega yangu.

"Mimi pia niko mufupi," akasema. "Utanikata uniongeze?"

Nikaangalia viatu vyangu.

"Rudi Bunia," akasema. "Uza kitu yenu vile iko. Mimi niko hapa."

Nilirudi. Asubui nilioga, nikaosha jipi mimi mwenyewe mupaka chini ya magurudumu, nikafungua kapo ili watu waone mashini. Mutu akiuliza, ninamwambia: shasi fupi, milango mbili, haijakatwa, haijaungwa. Bei ni hii. Wengi walisonya na kupita. Bosco alinipa jina jipya, Waziri wa Nusu. Sikucheka tena nao, na ajabu ni kwamba kuchekwa kulipungua uzito.

Mavuno ilikuwa karibu kuisha wakati mutu wa Niania alifika. Alikuwa mutu munene, viatu vimejaa tope ya njia ile, na kamio zake mbili zilikuwa zinapakua mafuta ya ngazi, ile ya mawese, pale pale. Alikuwa anapita kununua sigara. Akasimama. Sigara hakuinunua. Akaweka mukono juu ya kapo polepole, kama mutu anashika kichwa ya mutoto mwenye homa. Kisha, na shati yake nyeupe, akalala chini katika vumbi na kuingia chini ya jipi. Tuliona tu viatu.

"Haijakatwa," sauti ikasema kule chini.

"Haijakatwa, bwana."

"Hata fasi moja haijaungwa."

"Hata moja."

Alibakia kule chini mupaka watu wakakusanyika. Alipotoka, mugongo yake ilikuwa nyekundu yote, lakini uso alikuwa amekwisha kuutengeneza kuwa uso wa muchuuzi. Akauliza bei. Nikaitaja, bei ya Muzee, bila kuangalia viatu vyangu.

"Eh! Kijana! Hiyo inapita bei ya ndefu!"

"Inapita, bwana."

"Na hii haina milango mine. Hakuna mutu anaitaka. Uulize hawa wote."

Nikamwambia: "Ni kweli, bwana, hakuna mutu anaitaka. Sasa weye ulikuwa natafuta nini kule chini?"

Parkingi yote ililipuka. Bosco alicheka mupaka akashika nguzo. Na ule mutu wa Niania akaanza kucheka yeye pia, vumbi inamwanguka mabegani. Akatuambia alijifunza kuendesha na jipi ya namna hiyo, ya patri mumoja, na toka siku ile alitafuta nyingine na kila yenye alikuta ilikuwa imekatwa. Alilipa. Alilipa zaidi ya ndefu, na alilipa kama mutu anaogopa tutabadilisha mawazo. Akaomba kitu moja tu: nimuonyeshe mulango unafungwa namna gani.

"Polepole," nikamwambia.

Muzee alikuja yeye mwenyewe kumupa funguo. Mutu wa Niania aliona macho yake, akauliza makuta, pesa zile, ni ya nini, tukamwambia ni ya ngombe za ndoa yangu. Akasema: "Basi siku ya ndoa nitaileta."

Na aliileta! Jipi ndefu zote za wageni zilikuwa nyuma, na mbele Nusu, imefungwa maua, Muzee Anselme kwenye volani anaendesha, Feza ubavuni yake, mimi nyuma. Njia yote toka Marabo mupaka Bunia, watoto walipiga kelele "Nusu! Nusu!" na Muzee alipiga honi kuwaitikia. Kwenye kilima ya tope ndefu mbili zilikwama. Sitasema zilikuwa za nani. Bosco alikuwa ndani ya moja.

Sasa jibu yako, mutoto yangu. Ndiyo, mwenye kupenda atalipa zaidi. Lakini ujue kwanza kama gari yako iko mubaya ao iko tu ya kazi ya mutu mwingine, na usijidanganye kwa hiyo. Kama iko mubaya, uza bei ya chuma na unyamaze. Kama iko muzima, usiikate. Iache vile ilitoka, ioshe, taja jina yake yote, taja bei na uangalie mutu machoni. Na uvumilie kungoja, juu wenye kupenda ni wachache na njia zao ni za mbali.

Mungu akuletee mutu wa kulala katika vumbi na shati nyeupe juu ya kitu yako. Na siku atatoka kule chini, akukute umesimama wima. Koko wako Feza anasema na yeye anakubariki, lakini anasema tena muchuuzi wa samaki hakukuwako.