Mashine ya kusaga imekosa dizeli siku ya msiba wetu

Maganga, huna haya!

Leo tumemzika dada yetu hapa Usoke. Mashine ya kusaga imezima tangu juzi, dizeli hakuna. Magunia ya mahindi yamekaa tu.

Na wewe, mdogo wangu wa tumbo moja, umekaa chini ya turubai unawaambia wanaume wenzako, "Uhaba wa mafuta ni maneno ya redio. Tena mimi natembelea baiskeli, unanihusu nini?"

Halafu ukaniita. "Dada, ugali bado?"

Ugali! Unga ungesagwa na baiskeli yako?

Wakwe wa marehemu wamerudi Kaliua bila kula. Aibu hiyo nimeibeba mimi.

Matanga bado siku mbili. Kinu kiko uani. Kesho asubuhi wanaume mtatwanga nyie, na Maganga aanze.