Cucu wa Mvua Alikuwa Wangu

Enzi zetu za kuchuma kahawa likizoni, huku Ruiru, kabla mtaa wetu wa Gatongora haujajaa nyumba za kupangisha, hakukuwa na simu za kututuliza. Tulitulizwa na hadithi, na mwenye hadithi nilikuwa mimi. Vidole vikinata, githeri baridi ya mahindi na maharagwe kwa mkebe, mama akipiga kelele, "Chumeni nyekundu tu, mbichi muache!" Mdogo wangu Njeri alikuwa mvivu ajabu, kwa hivyo nilimsimulia ndiyo ajaze debe.

Nilimwambia cucu Wambui, mamake baba, alikuwa na nguvu za mvua, na nguvu hizo zimejificha ndani ya jina lake, zinangoja kuitwa kwa sauti. Kwetu Wakikuyu binti wa kwanza hupewa jina la mamake baba, wa pili la mamake mama, kwa hivyo mimi kifungua mimba ndiye niliyepewa hilo. Hata baba aliniita "mama". Njeri alipewa la mamake mama, aliyeuza nduma sokoni Thika. Akilia, namwambia, "Wewe rithi nduma." Aki nilikuwa mbaya!

Sasa Njeri ameandika riwaya ya vijana. Msichana anagundua kwamba jina lake, Wambui, lina nguvu za mvua. Binti yangu, ambaye nikimtuma chumvi hunijibu "ngoja kidogo" mpaka ugali uungue, ameimaliza kwa siku mbili. Haiya! Na huyo Wambui wa kitabuni ni binti wa pili, na bado amepewa jina la mamake baba! Mkikuyu gani hupeana majina hivyo? Kwa wivu nikampigia simu.

"Njeri, umeniibia cucu."

Akacheka. "Wambui, si ulisema mvua lazima iitwe? Nani alipanda juu ya debe akaita?"

Nakumbuka. Jua lilikuwa kali, wachumaji wote wakitutazama. Nilimsukuma yeye apande kwa sababu mimi niliogopa kuchekwa. Akaliita jina langu mpaka sauti ikakauka. Haikunyesha. Walimcheka hadi jioni, na kesho yake akapanda tena.

Nilimwambia naepua chungu, nikakata simu. Wivu bado ninao, sitadanganya. Pale tulipochuma kahawa sasa kuna jumba la ghorofa tano, nasi twakaa ya tatu. Jana binti yangu alisimama kwa balkoni akiita mvua kwa sauti, "Wambui! Wambui!", majirani wakimkodolea macho. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nikimwambia apunguze sauti.