Amwani ya Ma Edvina

Siku hizi mtu akiniuliza nafanya kazi gani, nasema nauza vocha na kutengeneza simu. Ni uongo. Kwa miaka tisa hapa Rwamishenye kazi yangu ni kupandisha majina ya biashara mtandaoni. Mtu akiandika kwenye simu yake "gesti Muleba" au "fundi cherehani Bukoba", mteja wangu atokee juu, si kule chini ambako hakuna anayefika. Ni kazi halali na nilikuwa naipenda. Naificha kwa sababu ya mama mmoja anayeitwa Edvina, na kwa sababu ya mwenzangu wa kazi hii hii ambaye nikimwona barabarani mpaka leo mkono unaniwasha.

Edvina alizaliwa Rubya, akakua jirani na marehemu mama yangu, ndiyo maana namwita Ma Edvina. Aliolewa na Rutaihwa, mvuvi aliyekuwa akikaa kisiwani Goziba miezi mitatu na nyumbani wiki mbili. Walijaliwa mtoto mmoja wa kike, ambaye leo ni sista, yuko utawani. Rutaihwa alipofariki, ukoo wake ulikaa kikao hata matanga hayajaisha vizuri. Wakasema hakuna mtoto wa kiume, kwa hiyo kibanja, shamba la migomba pamoja na nyumba yake, kinarudi kwenye ukoo. Migomba aliyoihudumia miaka ishirini na miwili ikawa ya watu. Hakuna aliyemtukana. Walimsaidia hata kubeba godoro mpaka barabarani, na nadhani mpaka leo wanajiona watu wema.

Tangu siku hiyo Ma Edvina alitaka kitu kimoja tu hapa duniani: mlango ambao hakuna mtu wa ukoo wowote angeweza kumwambia, toka. Alishona sare za shule miaka kumi na minne. Akanunua kiwanja Muleba mjini, kando ya barabara kuu, akajenga gesti ya vyumba sita, na chumba cha saba akalala yeye. Hati ina jina lake peke yake. Aliwahi kunitolea hati hiyo kwenye mfuko wa nailoni, akaweka kidole chini ya jina.

Wageni wake walikuwa wanaouguza watu hospitali, wanunuzi wa samaki, wakaguzi wa miradi. Mimi nilikuja na simu yangu na maneno yangu mengi. Nikamwambia watu hawaulizi tena njiani, wanauliza simu. Akacheka. "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," akasema. Nikamjibu kwamba mtandaoni chema kisipojitembeza kinaozea stoo. Akaniacha nifanye.

Haikuwa kazi ngumu, kwa sababu gesti yenyewe ilikuwa nzuri. Shuka zilinukia jua. Na kila mgeni aliyeondoka alifungashiwa amwani, ile kahawa yetu ya kutafuna, punje zilizochemshwa na majani ya kunukia na kukaushwa, amezikunja ndani ya ganda la mgomba. Kwetu Buhaya huwezi kumpokea mtu wala kumsindikiza bila amwani. Haihesabiki kuwa zawadi, ni adabu. Mgeni akitoka bila kupewa, hiyo ndiyo inakuwa habari ya kijiji.

Hapo ndipo nilipofanya ujanja wangu. Nilichapisha vikaratasi vidogo: "Umetufurahia? Tuandikie maoni mtandaoni." Nikamwambia avifunge pamoja na amwani ili mgeni asivitupe. Akavifunga, kwa utiifu, kimoja kimoja, kwa uzi wa cherehani. Maoni yakaanza kumiminika. "Mama ana moyo." "Nililala kama nyumbani, na nikapewa kahawa ya kutafuna." Nilikuwa namsomea kwa simu kila Jumapili baada ya misa. Miaka miwili ikapita, maoni mia moja na arobaini, karibu yote nyota tano, na gesti ya Edvina ikawa ya kwanza Muleba nzima.

Kisha ikajengwa hoteli ya ghorofa tatu ng'ambo ya barabara. Mwenye hoteli alikuwa na haki ya kujenga, sina neno. Lakini alitaka naye awe wa kwanza, tena haraka, akamtafuta Byarugaba.

Byarugaba anafanya kazi yangu, ofisi yake iko Bukoba mjini. Tulijifunza pamoja, tukagawana bando na chapati. Alikwenda Muleba akalala kwa Ma Edvina usiku mmoja kama mgeni wa kawaida, akisema ni afisa wa kahawa. Asubuhi walikaa barazani. Ma Edvina akamletea kikapu cha amwani, naye akachukua punje, akatafuna, wakazungumza habari za bei ya kahawa na magonjwa ya migomba. Alipoondoka akafungashiwa. Akavuka barabara, akakiweka kile kifurushi juu ya ukuta na kukipiga picha, kikaratasi changu kikionekana vizuri.

Kampuni yenye ile ramani ya kwenye simu, ambako maoni huandikwa, ina sheria: usimpe mtu chochote ili akuandikie maoni. Nilikuwa naijua. Ila haikunipitia akilini hata siku moja kwamba amwani inaweza kuitwa rushwa, na mimi Mhaya, mwana wa Mhaya, ndiye niliyeifunga pamoja na ombi. Byarugaba alipeleka picha. Akapeleka na maneno ya wageni wenyewe, wale waliotaja kahawa kwa shukrani, kama ushahidi. Kwa siku moja maoni yote mia moja na arobaini yalifutwa. Wiki hiyo hiyo yakaingia mengine thelathini na moja, kutoka akaunti za watu wasiokuwepo, yote ya nyota moja. Kunguni. Choo kinanuka. Nimeibiwa.

Sikutaka kumsomea, akalazimisha. Aliponisikia nikitamka kunguni aliniuliza swali moja.

"Chumba cha ngapi, mwanangu?"

Nilimwambia ni uongo, hakuna mtu aliyelala pale. Hakunielewa. Kwake mgeni ni mgeni, na mgeni akilalamika kuna kitu. Nilipofika kesho yake magodoro yote sita yalikuwa juani, amechemsha kila shuka, na yeye amepiga magoti anapekua mbao za vitanda kwa sindano ya kushonea. Nilipiga magoti tukapekua wote. Sikujua nifanye nini kingine.

Nilimfuata Byarugaba ofisini kwake.

"Joackim, ndugu yangu, nimedanganya wapi?" akasema. "Alinipa, na kikaratasi kilikuwemo. Kikaratasi chako."

"Na hao thelathini na moja wenye kunguni?"

"Hiyo ni kazi tu. Usijifanye huijui."

"Ulitafuna amwani yake, Byarugaba."

Yeye naye ni Mhaya. Anajua wazee wetu walifunga undugu kwa kutafuna punje za kahawa pamoja, na kwamba aliyetafuna na wewe hawezi kukudhuru akabaki mtu. Akageukia kompyuta yake. "Mambo ya zamani hayo," akasema. Nilitoka kabla sijafanya la kujutia, na siku nyingine najuta kwa nini nilitoka.

Niliandika rufaa nane. Jibu lilikuja moja: maoni yaliyofutwa hayarudi, na gesti ikiendelea kutoa vitu kwa wageni itaondolewa kabisa. Hayo maoni ya uongo walisema hayajavunja sheria. Nikaenda Muleba kumwambia Ma Edvina aache kutoa amwani kwa muda, mpaka jina litakaposafishika. Ni mimi niliyemwambia. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa aache kuitikia salamu, lakini alikubali, kwa kuwa mimi ndiye msomi.

Wageni walikuwa wamebaki wachache, wale wasiotumia simu. Mmoja alikuwa mzee Bartholomayo, ambaye mkewe alilazwa hospitali. Alikaa siku kumi na moja. Usiku wa kuamkia siku ya kumi na mbili mkewe alifariki. Asubuhi gari lilikuja na jeneza nyuma, likasimama mbele ya gesti, mzee akaingia kuchukua mfuko wake na kuaga. Ma Edvina alimshika mikono, akalia naye, akamsindikiza mpaka mlangoni. Mzee akasimama pale. Alikuwa anangoja. Alingoja muda ambao mtu yeyote wa huku angejua anangoja nini, kisha akasema, "Kasinge, waitu," asante sana, akapanda gari.

Ma Edvina alinipigia simu kabla vumbi halijatulia. Sauti yake sikuitambua.

"Joackim, nimemtoa mtu mwenye maiti mikono mitupu. Kikapu kilikuwa pale mezani. Nilikiona."

Nilitaka kumwambia mzee huyo hata simu ya kuandikia maoni hana, kwamba angempa tu na isingejulikana. Nikakumbuka kwamba mimi ndiye niliyemtia hofu hiyo. Nikamwambia pole. Alikata.

Baada ya hapo hakutaka tena niandike rufaa wala kitu chochote kwa ajili yake. Alipokea wageni waliokuja, wakawa wawili kwa mwezi, wakawa hakuna. Nyumba ya wageni isiyo na wageni haimlishi mwenyewe. Kaka yake Protase alishuka kutoka Rubya akamwambia, dada, miaka sitini na sita, unabishana na nini? Rudi nyumbani. Mwenye hoteli akainunua gesti. Leo anaweka humo viti vya plastiki na maturubai ya harusi, na ukiandika "gesti Muleba" hoteli yake inatokea ya kwanza. Chema chajiuza! Wallahi, aliyesema hivyo hakuwahi kushindana na Byarugaba.

Nilichelewa kwenda kumwona. Niliona aibu, nikajipa visingizio vya kazi, ukapita mwaka mzima. Nilipokwenda Rubya, Desemba iliyopita, nilimkuta nyuma ya nyumba ya Protase anapukuchua maharage peke yake. Protase alikuwa mnadani; mkewe, Evodia, alikuwa shambani. Ma Edvina alinikumbatia kwa furaha ya kweli, akaniuliza habari za watoto, hakutaja Muleba. Mvua ikaanza, kubwa, ile ya kwetu isiyobisha hodi. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, hatua tatu tu kutoka tulipokuwa. Nikachukua ungo wa maharage nikaelekea ndani.

Alinishika mkono akanivuta chini ya mgomba.

"Tungoje kidogo, mwanangu," akasema. "Evodia hajarudi. Sijamuuliza kama naweza kuingiza mtu."