Kurasa za Nyuma

Kaka yangu hajaniomba msamaha, nami nimechoka kumngojea. Naandika haya kwa sababu watu wa mtaani kwetu, Makorora, wanadhani wanaijua habari hii, na wanaijua vibaya. Wanasema niliuza siri ya Mwalimu. Sikuuza. Niliitoa bure, kwa mkono wangu mwenyewe.

Wakati huo nilikuwa mgawa dawa. Tulipita nyumba kwa nyumba na vidonge vya kukinga matende na mabusha, pamoja na fimbo ndefu yenye alama za rangi, maana dawa ile mtu hupewa kulingana na kimo chake. Basi mtu mzima na heshima zake husimamishwa ukutani kama mtoto wa chekechea, mkewe kajishika mbavu kwa kucheka. Niliipenda kazi ile. Babu yangu mzaa mama alikufa na mguu usioingia kwenye kiatu chochote, na sisi wajukuu tuliambiwa amekanyaga uchawi. Mimi sasa nilikuwa na kipimo mkononi: tone moja la damu ya kidole, dakika kumi, kikaratasi kinakwambia kama mtu ana minyoo ile au hana. Mwaka huo tuliwapima watoto wa darasa zima, na vikaratasi vyote vikatoa mstari mmoja tu. Hakuna hata mtoto mmoja aliyeambukizwa. Daktari aliyetusimamia alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mnaelewa mnachokiona?" akatuuliza. Nilielewa vizuri sana, na nilirudi nyumbani kwa miguu ili furaha ile isiishe haraka.

Waliobaki walikuwa watu wazima wenye mabusha ya zamani, ambayo vidonge haviyaondoi. Hao dawa yao ni kisu. Tukaambiwa kambi ya upasuaji inakuja, bure kabisa, tuandikishe wanaohitaji, na iwe siri. Kurasa za mbele za daftari langu zilikuwa za kaya: nani anaishi wapi, namba yake ya simu, kameza dawa au kagoma. Kurasa za nyuma nikawaandika wenye mabusha.

Mwanamume wa kwetu hasemi ana busha. Anasema ana mshipa, na anasema huku anatazama pembeni. Wengine niliwaendea mara tatu, tukazungumza bei ya samaki na mambo ya mpira, ndipo neno likatoka. Nilipata watu kumi na tisa. Wa mwisho alikuwa Mwalimu.

Alinifundisha darasa la kwanza. Herufi ya kwanza niliyoandika maishani, mkono wake ulikuwa juu ya mkono wangu. Alikuwa amestaafu, anavaa kanzu pana kila siku, na watu walidhani ni uchamungu tu. Alinisubiri nje ya msikiti baada ya sala ya alasiri.

"Mwanangu," akasema, "mshipa wangu huu una miaka kumi na moja. Watoto wangu hawajui. Anajua mama yao, na sasa wewe."

Nikamwapia kwamba haitatoka kwangu.

Siku hizohizo Mwalimu alikuwa amechukua fomu ya kugombea uenyekiti wa mtaa, na chama chake si chama cha kaka yangu. Kaka ndiye aliyekuwa akiendesha kampeni ya upande wa pili. Lazima niseme kaka ni nani kwangu. Baba alipofariki, yeye aliacha shule akaenda kubeba mizigo bandarini ili mimi niendelee kusoma. Tuliishi nyumba moja, ya marehemu baba, na sikumbuki siku niliyomfungia mlango wangu.

Asubuhi moja, akinywa chai, akaniambia, "Nipe hilo daftari lako ninakili namba za simu. Tunaalika watu mkutanoni."

Nikasita. Akaweka kikombe chini.

"Mimi ndiye wa kufichwa daftari?"

Nikaona haya. Nikampa. Na hapo ndipo niliposema maneno ninayoyajutia kuliko yote niliyowahi kuyasema: "Kurasa za mbele tu, kaka. Za nyuma usiguse."

Mpumbavu mimi! Asingejua hata kama zipo. Nilimwonyesha mlango na kumwambia usifungue.

Mkutano ulikuwa Jumamosi, uwanja wa mpira. Muziki, fulana za bure, watu tele. Nilikwenda kwa ajili ya kaka, siasa zenyewe sina habari nazo. Kabla ya hotuba akapanda jukwaani mchekeshaji mmoja. Alivaa kanzu pana na kofia, na ndani ya kanzu, katikati ya miguu, alikuwa ameweka mpira. Akatembea taratibu, miguu mbalimbali. Akafika katikati ya jukwaa, akainua mkono, akaanza kuandika hewani kwa chaki asiyokuwa nayo. Kisha akatugeukia: "Darasaaa!"

Hakutaja jina. Uwanja mzima ukaangua kicheko, akina mama wakapiga vigelegele. Walicheka hata walioketi karibu nami, na wawili kati yao majina yao yalikuwa kwenye kurasa zilezile. Nyumba ya Mwalimu iko ng'ambo ya barabara tu, na spika zile zilisikika hadi mtaa wa pili, Mabawa. Nikamtafuta kaka kwa macho. Alikuwa chini ya jukwaa, anacheka. Aliponiona akaacha kucheka, akageukia upande mwingine. Nikajua.

Nyumbani nikamuuliza kaka yule mchekeshaji alijuaje.

"Mtaa mzima unajua."

"Mtaa haukujua, kaka. Nilijua mimi."

"Kwani jina limetajwa? Hii ni siasa, mdogo wangu. Tukishinda nitakuweka kwenye kamati ya afya."

Alidhani nina njaa ya cheo. Kikulacho ki nguoni mwako, waliosema hivyo hawakukosea, ila hawakusema ufanyeje pale nguo hiyo ndiyo iliyokusitiri tangu utoto. Nilimchukia kaka yangu siku ile, na nililia kwa sababu nilishindwa kuacha kumpenda.

Siku nne baadaye jina la Mwalimu likakatwa. Fomu imejazwa vibaya, walisema. Mtu aliyefundisha nusu ya mtaa kuandika majina yao, eti hakujua kujaza fomu! Mgombea wa kaka akapita bila kupingwa. Kumbe hawakuuhitaji hata ule mpira.

Baada ya hapo wanaume wakaanza kunijia mmoja mmoja. Futa jina langu. Mmoja alitaka nichane ukurasa mbele yake, nikauchana. Kwa Mwalimu nilikwenda mara tatu, na mara zote mkewe aliniambia amelala. Sikuogopa kuchukiwa, hilo nilistahili. Niliogopa kwamba atalibeba busha lile hadi kaburini kwa ajili yangu, na tiba ipo, bure, pale hospitalini.

Siku ya kambi niliketi kwenye meza ya kuandikisha, kibarazani, pembeni ya nesi. Katika watu wangu kumi na tisa walikuja sita. Karibu saa nne bajaji ikasimama getini, akashuka Mwalimu. Ua ulikuwa umejaa watu. Akaupita wote kwa mwendo wake uleule, miguu mbalimbali, kichwa juu, akisalimia huku na huku, hadi mezani kwangu. Nikasimama.

"Shikamoo, Mwalimu."

Akamgeukia nesi. "Binti yangu, niandike wewe." Akamtajia jina lake pole pole, herufi moja moja, nami nimesimama na kalamu mkononi.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Siku hizi anavaa suruali, anatembea wima, kila asubuhi anapita mbele ya nyumba yetu kwenda kununua mkate. Watoto wa shule wamepimwa tena, na wote wako safi. Ugonjwa aliokufa nao babu yangu unaondoka pwani hii nami naushuhudia ukiondoka. Kila asubuhi namwamkia Mwalimu, shikamoo, na kila asubuhi ananipita kama hajasikia.

Kaka yangu naye humwamkia. Yeye anaitikiwa marahaba.