Amplifaya Mbili kwa Sauti ya Chini

Mafundi wa redio wa Eldoret walinicheka, na mimi ni mtu asiyependa kuchekwa. Nilikuwa nimenunua spika mbili kutoka kwa daktari mmoja wa Elgon View aliyekuwa akihama, spika za mbao zinazonifika kiunoni. Nyuma, kila moja ilikuwa na matundu manne ya waya badala ya mawili, yameunganishwa kwa vibati vya shaba. Ukivitoa vile vibati, unaweza kuipa besi amplifaya yake na sauti za juu amplifaya yake. Hicho ndicho nilichotaka.

"Mwalimu, unajisumbua bure," fundi mmoja akaniambia dukani kwake mjini. "Hizi spika zina njaa. Nunua power amp moja ya nguvu, uichomeke kwa hiyo amplifaya yako ya zamani, halafu uone. Mtaa wote wa Munyaka utajua uko nyumbani."

"Sitaki Munyaka ijue niko nyumbani."

Akadhani natania. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, nikachukua waya zangu nikaenda.

Yeye alikuwa anauza nguvu, mimi nilikuwa natafuta usafi. Nilitaka nisikie kinanda kivyake na pumzi ya mwimbaji kivyake, huku sauti ikiwa chini kabisa. Wajuzi wengine husema amplifaya mbili hazileti tofauti yoyote, ni imani tu. Sawa, hata mimi ni mtu wa imani. Na sababu yangu ilikuwa mke wangu. Sauti ikipanda nyumbani mwetu, hata ya tangazo la sabuni kwenye televisheni, yeye huinuka akatoka nje. Mara mbili alifunga nguo zake akaenda kwao Kisii, akakaa miezi. Aliporudi mara ya pili aliniambia bila hasira yoyote, "Ikipanda tena nikaondoka, sitarudi." Namjua. Haongei sana, lakini akisema amesema.

Lazima nieleze ilivyoanza. Uchaguzi wa mwisho wa mwaka 2007 ulipokwisha na matokeo yakatangazwa, mji uliwaka. Sisi tulihesabiwa kuwa si wa hapa. Tulikuwa wapangaji wa Mzee mmoja, mwenyeji, mkulima wa Moiben aliyekuwa na ploti mtaani kwetu. Mzee alitutoa chumbani kwetu akatuficha katika stoo ya mahindi nyuma ya nyumba yake: mimi, mke wangu, na mtoto wetu wa mwaka mmoja aliyekuwa na kikohozi. Kikohozi cha mtoto hakina adabu. Basi Mzee akaweka redio yake ya kaseti mlangoni mwa stoo akafungulia kwaya ya kanisa mpaka mwisho. Vijana wenye marungu walipopita walimwona mzee wao anasikiliza nyimbo za Mungu, wakaendelea na yao.

Siku iliyofuata, mchana kweupe, mpangaji mwenzetu, fundi cherehani, alikuja mbio akagonga lango. "Mzee, nifungulie. Mzee, ni mimi." Wale vijana walikuwa wamemfikia tayari, na lango lingefunguka wangeingia wote. Mzee hakufungua. Tulisikia kwaya ikipanda zaidi, tukajua amekizungusha kitufe. Lakini sauti ya mtu anayeita hupita juu ya kinanda, na rungu hupita chini yake. Tulisikia yote mawili, hadi moja likanyamaza.

Miaka yote hatukumwambia Mzee kwamba tulisikia. Ungeanzaje? Mtu amekuokolea mtoto, halafu umwambie ulimsikia aliyeachwa nje? Tuliondoka na lori chini ya ulinzi wa polisi, na miaka kadhaa baadaye tukarudi, kwa sababu kazi yangu ya ualimu ilikuwa huku na Mzee mwenyewe ndiye aliyetutafutia nyumba. Mke wangu alinieleza mara moja tu. "Si kelele inayonisumbua," alisema. "Kukiwa na kelele, nasikiliza kilicho chini yake."

Basi nilifunga amplifaya zangu mbili mwenyewe, kwa ukaidi, na nikasahau kutoa vibati vya spika ya kushoto. Amplifaya zikakutana ndani ya spika moja, moja ikatoa moshi na kufa. Mke wangu alikuwa anachagua maharagwe. Akanitazama, akatazama moshi, akasema, "Na cheti cha ualimu unacho." Nilikasirika sana. Hata hivyo nilitafuta nyingine, nikatoa vibati vyote, na safari hii kwaya ilitoka kidogo, safi, kila mtu mahali pake. Alikaa mpaka wimbo ukaisha. Nilifurahi kama mtu aliyejengewa nyumba.

Jumapili moja baada ya kanisa, Mzee alikuja na kibuyu chake cha mursik, yale maziwa yao ya kugandisha. Amezeeka, anatembea kwa fimbo, na masikio yamemwacha. Tukammiminia kikombe, nikafungulia muziki.

"Hii kitu inafanya kazi kweli?" akauliza. "Mbona sisikii? Ongeza, Mwalimu."

Niliongeza kiasi cha kudanganya. "Ongeza," akasema tena. Nikamtazama mke wangu. Utamnyimaje mtu ambaye bila yeye mwanao asingekuwa chuo kikuu leo? Mke wangu akasimama, nikajua anakwenda kufunga nguo. Akaenda kwenye amplifaya, akapandisha ya besi, akapandisha ya juu, mpaka vioo vya dirisha vikatetemeka. Kisha akaketi karibu na Mzee.

Mzee alisikiliza kwa muda. Halafu akasema, "Yule fundi cherehani aliniita." Hakuwa amewahi kumtaja. "Nikaongeza redio. Nilisema, hawa walio ndani angalau wasisikie. Hilo ndilo linanipa usingizi."

Nilimtikisia mke wangu kichwa. Hakunijali. Akainama karibu na sikio la Mzee, ikabidi apaze sauti kuishinda kwaya. "Tulisikia, Mzee."

"Mlisikia?"

"Tulisikia yote."

Kikombe kilimwinamia mkononi, mursik ikamwagika kwenye suruali yake ya kanisani. Nikainuka nizime muziki, mke wangu akanizuia kwa mkono.

"Basi nilifanya bure," Mzee akasema.

Mke wangu alikichukua kikombe, akaishika mikono yake yote miwili. "Mtoto hakusikia," akamwambia. "Nilimziba masikio, na redio ikamaliza yaliyobaki. Mpaka leo hajui, Mzee. Yeye hulala."