Mkaa wa Kifuu Mashavuni

Siku watu wa Maneromango walipokuja kwetu Kisarawe kumposa dada yangu, shangazi wa mposaji alimtazama kuanzia unyayo hadi utosi, akamaliza chai, akasema mbele ya wanawake wote: "Mtoto mzuri. Uso tu ndio mpana, kama ungo."

Posa ikakubaliwa. Dada hakusikia posa, alisikia ungo.

Niliona, ingawa sikusema, kwamba uso wa huyo shangazi ulikuwa ungo mkubwa kuliko wetu.

"Siku wakinifunua, yule mama aone sura nyembamba," dada aliapa. "La sivyo, sitoki ndani, na harusi wafanye wenyewe."

Hakuwa akitania. Mama akamwita mdogo wake kutoka Dar es Salaam. Mama mdogo alikuwa amefua nguo miaka miwili kwa mpiga picha mmoja wa mjini, na alikuwa ameona wanavyowapaka poda wateja kabla ya kupigwa picha. Alifika na kibeti na maneno mengi.

"Uso haupunguzwi," alituambia. "Unatiwa giza pembeni na mwanga katikati. Na mtu akijua umepakwa, hujapakwa."

Giza lilikuwa mkaa wa kifuu cha nazi, uliotwangwa, ukachekechwa kwa kitambaa na kulainishwa kwa mafuta ya nazi. Mwanga ulikuwa liwa, ule mti wa manukato, iliyosuguliwa juu ya jiwe na maji kidogo. Mimi nilijaribiwa kwanza, kwa sababu mimi na dada tulipishana mwaka mmoja tu na sura zetu zilikuwa moja.

Dada alikuwa amekwisha kuwekwa ndani, haruhusiwi kuona jua mpaka siku ya harusi. Chumba chake hakikuwa na dirisha. Tukakaa mkekani, koroboi sakafuni katikati yetu, mama mdogo akanipaka. Alipomaliza, dada alishika mdomo kwa furaha. Nilikuwa nimekonda! Nikachukua ndoo nikaenda kisimani kwa maringo.

Jirani yetu alikuwa anateka maji. Akaacha kamba.

"Binti, hizo ndevu ni zako au umeazimwa na baba yako?"

Nilirudi mbio. Mama mdogo alinisimamisha mlangoni, akanitazama juani kwa muda mrefu, kisha akaitazama koroboi. Taa ilikuwa chini, kwa hiyo ilimulika kidevu changu, naye kila alipoona kidevu kinang'aa aliongeza mkaa.

Tukapanga kazi upya. Kwa kuwa dada hakuweza kutoka, mimi ningekaa uani juani nipakwe mpaka sura ikae sawa, kisha ningeingia ndani nikae kando yake, naye apakwe kwa kunakili kutoka kwangu. Koroboi tuliitundika darini. Siku ya kwanza baba aliniuliza kama nina homa. Siku ya pili alisema homa imepungua. Siku ya tatu mama alinipita uani akaniambia, "Karibu mwanangu, unamtafuta nani?"

"Tayari," alisema mama mdogo.

Siku ya harusi alimpaka dada, mimi nikanawa uso nikaenda kusaidia jikoni. Wanaume walikuwa barazani na shehe, wanawake ndani. Shangazi wa bwana harusi akaombwa amfunue bibi harusi. Akaondoa ukaya. Vigelegele vikaanza, vikakatika.

"Huyu nani?"

"Bibi harusi," alisema mama.

"Bibi harusi namjua, nilikunywa chai nikimtazama. Huyu mmemtoa wapi?"

Hapo ndipo nilipoingia na sinia la visheti, kisheti kimoja kikiwa mdomoni.

"Yule pale!" akapiga kelele. "Ndiye tuliyemposa! Mmemficha jikoni mtupe mwingine! Mwambieni shehe angoje!"

Akanishika mkono. Nilijaribu kusema mimi siye, ila kisheti kilikuwa kikavu. Mama akaapa, bibi yetu akaapa, hakuna aliyesikilizwa. Barazani shehe alinyamaza kweli. Mama mdogo alikuwa na jibu, lakini alimtazama dada kwanza, kwa sababu jibu lenyewe lilikuwa kuutoa ungo nje.

Dada akachovya pindo la kanga katika bilauri ya maji, akafuta shavu moja, taratibu, mpaka likarudi lote kwa upana wake.

Shangazi akaniachia. Akamtazama dada upande wa kushoto, akamtazama upande wa kulia, akarudi kushoto.

"Ndiye," alisema. Kisha kwa sauti kuelekea barazani: "Shehe aendelee!" Kisha, kwa sauti ndogo sana, kwa mama mdogo: "Hicho kitu kimebaki, mama?"

Kilibaki. Walitoka kwenda uani, nami nikaitwa nikae juani nipakwe tena, nionyeshe mipaka ya mkaa.

Shangazi aliporudi ndani, mwembamba, amejaa haya, wanawake wenzake wa Maneromango walisogea wakampisha mkekani. "Karibu, dada," mmoja wao alimwambia. "Wewe ni wa upande wa bibi harusi?"

Dada alicheka mpaka machozi yakamfuta shavu la pili.