Wimbo wa Kabla ya Taarifa ya Habari

Siku ya tisa mdogo wangu alikuwa hajapiga simu. Ni mtoto wa mama mdogo, mwanajeshi, amepelekwa Kongo kulinda amani, na kila Jumapili lazima ampigie bibi. Nilitoka Tunduma nikaenda kijijini Iyula kukaa na bibi mpaka tujue. Simu tuliitundika kwenye nguzo ya kichanja cha kahawa, maana pale ndipo mtandao unapokamata. Tulichambua kahawa tukiitazama kama watu wanaomchunga nyoka asije akatoka shimoni.

Kazi yangu mjini, ninapoifanya, ni kuwajazia madereva wa malori nyimbo kwenye memori. Shule niliacha darasa la tano, lakini wimbo wa zamani nikiupata nauliza mpaka nijue nani aliuimba na kwa nini. Kuondoa ukimya nikawasha spika yangu ndogo. Nikachagua wimbo wa dansi wa wakati wa vita vya Kagera: tarumbeta, magitaa, sifa za makamanda. Nilikuwa naupenda. Unachezeka.

Bibi alishika ukingo wa kichanja kwa mikono miwili. Kahawa ikamwagika.

"Zima!"

Nikazima.

"Wewe mume wangu, unajua huo ulikuwa unakuja na nini?" Ananiita hivyo tangu nizaliwe. "Ukiisha tu, taarifa ya habari inaanza. Mimi nilikuwa nazima redio hapo hapo. Kila siku nasikia wimbo, habari sisikii."

Mume wake, babu ambaye sikumkuta, alikwenda kwenye vita hivyo akiwa mgambo. Nilijua alifia huko. Sikujua kwamba wazee wa kanisa walipokuja uani kuleta habari hiyo, bibi aliwakimbia, akaingia shambani akapalilia mpaka giza. Siku tatu mfululizo. Alisema siku hizo tatu bado alikuwa na mume.

"Sasa mwisho ulijuaje?"

"Mwenzake alirudi. Kusimulia alishindwa. Akaniimbia walichokuwa wanaimba wakitembea."

Akauimba, chini kwa chini. Haukuwa na kamanda hata mmoja. Ulikuwa na buti iliyolowa, mahindi yenye wadudu, na mtu anayemuuliza mwenzake kama huko nyumbani wameshavuna. Katika nyimbo zote za vita nilizokusanya, sikuwahi kumsikia mtu akiogopa. Humu babu aliogopa. Nami nikamwogopea mdogo wangu kuliko mwanzo.

Simu ikaita. Namba ndefu, ya nje.

Sikunyoosha mkono. Niliona labda ni mkubwa wake jeshini, anatafuta maneno ya kuanzia. Nilitaka ikate. Ikakata. Ikaita tena.

"Pokea," bibi alisema. "Mimi nilizima. Haikusaidia."

Nikapokea. Mkwaruzo, kisha wanaume wengi wakiimba kwa mbali, kisha sauti ninayoijua.

"Oya kaka, mbona hampokei? Saa nne hii mmelala? Mnara wa huku ulikufa wiki nzima."

Nikakaa chini palepale kwenye kahawa. Bibi akaninyang'anya simu. Hakumuuliza kama ni mzima.

"Hao wanaimba nini?"

Sauti ya simu ilikuwa juu, nikasikia mdogo wangu akicheka. "Aa, bibi, upuuzi tu. Wanaimba maharage."

"Wanasemaje kuhusu maharage?"

"Kwamba hayaivi."

Bibi alisikiliza muda mrefu, simu ameibana sikioni, midomo ikifuata maneno.

"Na buti zako," akauliza hatimaye, "zinakauka?"